Maji Yaje Leo, Yaondoke Leo: Kukuza Mnyaa wa Pambo Hapa Tanga

"Shikamoo mama. Hiyo kaktasi yako unaimwagilia nini mpaka imekuwa ndefu hivyo?" Hakuna wiki inayopita bila mtu kusimama mbele ya baraza yangu hapa Chumbageni akaniuliza hivyo. Nikishamjibu, anashusha sauti na kuleta swali lenyewe lililomsimamisha: "Mbona yangu imelainika chini, halafu ikaanguka?"

Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, na kila mara nasahau jambo moja la maana. Safari hii nimeliandika lote, kwa ajili yako wewe uliyenunua mmea wako wa kwanza au uliyepewa tawi na jirani na sasa hujui uanzie wapi.

Tanga tunajulikana nchi nzima kwa msemo wetu, waja leo waondoka leo. Maji ya mmea huu nayo yawe hivyo hivyo: yaje leo, yaondoke leo. Yakilala ndani ya chungu, mmea unaoza. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini inatokana na jambo hilo.

Ni mmea gani hasa

Si kaktasi, ingawa wauza maua wengi huuita hivyo. Karibu kaktasi zote asili yake ni bara la Amerika; ile tuliyoizoea pwani ni mpungate. Huu wetu ni wa Afrika, ndugu wa mnyaa ule wa kuzungushia ua vijijini, ndiyo maana nauita mnyaa wa pambo. Jina lake la kitaalamu ni *Euphorbia trigona*. Shina lake lina pande tatu, mara nyingine nne, lina michirizi ya rangi hafifu katikati, na kwenye kingo lina miiba midogo miwili miwili na vijani vyenye umbo la kijiko. Upo wa kijani na upo wa rangi ya zambarau iliyoiva. Ukiwa na nafasi unapita mita 2 kwenda juu, na matawi yake yote husimama wima yakilibana shina, kama watu waliopanga mstari.

Njia rahisi ya kuutambua: ukiukwaruza unatoa maziwa. Mpungate hautoi.

Utomvu wake: soma hapa kabla hujashika kisu

Maziwa hayo ni sumu. Kwenye ngozi yanawasha na kuleta malengelenge kwa baadhi ya watu. Kwenye jicho ni hatari kubwa: jicho huvimba, huuma vibaya, na kuona kunapungua. Mwaka wa kwanza nilikata tawi mchana wa jua, mikono mitupu, kisha nikajifuta jasho usoni kwa kiganja. Dakika chache za mwanzo niliona kama mchanga umeingia jichoni. Usiku ule sikulala. Siku ya pili sikuweza kulifungua jicho, na nilitibiwa zaidi ya wiki moja. Nilibahatika kupona sawasawa.

Maziwa yakimwingia mtu jichoni, mwoshe jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 bila kuacha, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha mpeleke hospitali. Usingoje uone kama litatulia lenyewe, kwa sababu maumivu huzidi kadiri saa zinavyokwenda. Usitie maziwa ya mama, wala asali, wala dawa yoyote ya kuambiwa. Ukienda hospitali, taja kwamba ni utomvu wa mnyaa.

Kama una mtoto anayetambaa, au mbuzi na paka wanaozurura uani, mmea ukae mahali wasipofika. Hilo naomba ulichukue kwa uzito.

Vitu vya kuandaa

- Chungu cha udongo chenye tundu chini, upana wa sentimita 15 hadi 20. Cha udongo ni bora kuliko cha plastiki: kinapumua, tena ni kizito. Mmea huu unalemea juu, na upepo wa kusi ukivuma ndoo nyepesi inalala chini.
- Mchanga wa mtoni, ule wa chembe kubwa.
- Udongo wa bustani kidogo na mboji iliyoiva kabisa.
- Chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia.
- Kokoto ndogo za kutandaza juu.
- Kisu kikali au msumeno mdogo, na spiriti ya kukifutia.
- Glavu za mpira, miwani ya aina yoyote inayofunika macho, na shati la mikono mirefu.
- Ndoo ya maji, kitambaa kikuukuu, na magazeti.
- Unga wa mdalasini. Wa Muheza upo sokoni kwa bei ndogo.
- Vijiti vitatu na kamba ya katani.
- Kijiti kimoja kirefu cha mishikaki. Hiki usikidharau, nitakirudia.

Kuhusu mchanga, nisikilize vizuri. Anayekaa Raskazone au Mwahako anaona mchanga mzuri wa bure upo ufukweni, anachota ndoo moja. Ule una chumvi, na chumvi inaunguza mizizi michanga kabla haijashika. Ukiusuuza mara moja au mbili bado chumvi haijatoka yote. Nenda panapojengwa nyumba, umwombe fundi ndoo mbili za mchanga wa mtoni. Kisha uchekeche: fundi wa lipu anataka ule laini unaopita kwenye chekecheke, wewe chukua ule unaobaki juu.

Makumbi ya nazi nayo watu huyapenda kwa sababu yamejaa kwetu. Yanashika maji mno kwa mmea huu, na kama yalilowekwa pwani kwa kutengenezea usumba, yana chumvi pia. Mimi siyatii kabisa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wakati. Mimi hukata kati ya katikati ya Agosti na mwisho wa Septemba. Baridi ya kusi imeanza kupungua, vuli bado, na pingili, yaani tawi lililokatwa la kupanda, inapata miezi mingi ya kujenga mizizi kabla masika ya Machi hayajafika. Ukikosa wakati huo, Januari nayo inafaa, ila utakuwa unakimbizana na mvua. Aprili na Mei usikate hata kama jirani anakupa tawi bure, mwambie akuwekee.

2. Kata tawi. Chagua tawi lililokomaa, urefu wa sentimita 20 hadi 30. Angalia pale linapoungana na shina: pamebanwa kama kiuno. Kata hapo hapo kwa mkato mmoja. Sehemu hiyo ni nyembamba, kidonda kinakuwa kidogo na kinakauka upesi. Ukikata katikati ya tawi unapata kidonda kipana, na mmea mama unabaki na kigutu kibaya cha kutazama.

Vaa glavu na miwani kabla ya kukata. Kisu ukifute kwa spiriti kwanza, maana kisu kilichotoka kukata shina lililooza kitapeleka ugonjwa kwenye shina lenye afya.

3. Zuia maziwa. Chovya ncha iliyokatwa kwenye ndoo ya maji mpaka isimame kutoa maziwa, na kwenye mmea mama ubandike kitambaa chenye maji. Kisha paka unga wa mdalasini kwenye vidonda vyote viwili. Maji ya ndoo hiyo yamwage mbali na watoto na mifugo, na glavu zioshe kwa sabuni ukiwa bado umezivaa.

4. Kausha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pingili haipandwi siku iliyokatwa. Iache kivulini, penye hewa, mpaka kidonda kifanye gamba gumu kama kovu. Vitabu vingi husema wiki moja, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo Tanga hesabu siku 10 hadi 14. Bonyeza kwa kijiti: kama bado pana ubaridi na ulaini, ngoja. Pingili haifi kwa kukaa bila udongo. Maji yake iko nayo mwilini.

Isimamishe wima ndani ya ndoo tupu. Ukiilaza chini wiki mbili, ncha yake inajikunja kutafuta mwanga, na kipinda hicho hakinyooki tena.

5. Changanya udongo. Kipimo changu ni makopo mawili ya mchanga wa mtoni, kopo moja la udongo wa bustani, kopo moja la chenga za mkaa, na nusu kopo la mboji. Samadi mbichi usitie. Jaza chungu, kisha umwagie lita moja ya maji. Yakianza kutoka chini kabla hujahesabu hadi 30, sawa. Yakituama juu kama kidimbwi, ongeza mchanga na ujaribu tena. Ukishapata kipimo kinachopitisha, uache udongo ukauke kwanza.

Kuna mazoea ya kujaza mawe chini ya chungu ili maji yapite. Hayasaidii: maji hubaki yamening'inia kwenye udongo ulio juu ya mawe, karibu zaidi na mizizi. Weka kigae kimoja tu cha kuzuia udongo usitoke tunduni.

6. Panda. Ingiza pingili sentimita 5 hadi 7. Usizidishe ukidhani itasimama imara. Shina lililozikwa sana ndilo linaloanza kuoza. Uimara utaletwa na vijiti vitatu, uvichomeke kuizunguka na kuifunga kwa kamba ya katani, bila kukaza. Katani ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu haikati shina kama nailoni, na ukiisahau inachakaa yenyewe. Nayo hatuikosi: mkonge ulianzia mkoa wetu, Kikogwe karibu na Pangani, mwaka 1893, kwa miche 62 iliyofika hai kutoka Florida.

Tandaza kokoto juu. Zinakinga shina lisirukiwe na tope mvua inapopiga.

7. Usimwagilie. Wiki nzima ya kwanza, hata tone. Kisha mpe maji kidogo, nusu kikombe pembezoni mwa chungu, kila baada ya siku 7 au 8. Chungu kikae kwenye kivuli chenye mwanga, barazani kwa mfano. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Usiing'oe kutazama. Ivute kidogo kwa vidole viwili: ikishikilia, imeshaota. Dalili nyingine ni vijani vipya nchani.

8. Izoeshe jua. Mmea huu unapenda jua, lakini uliotoka kivulini ukipelekwa juani siku moja unaungua, na alama ya kuungua haifutiki. Wiki ya kwanza mpe jua la asubuhi tu, mpaka saa tatu. Wiki ya pili mpaka saa tano. Baada ya hapo uache. Weka alama ya chokaa kwenye chungu upande unaotazama jua, ili ukikihamisha ukirudishe vile vile mpaka mmea uwe umezoea pande zote.

Anayetaka kuuweka ndani auweke karibu na dirisha, na akizungushe chungu robo kila wiki. Kwenye kona ya giza hautakufa upesi, ila utarefuka kwa shingo nyembamba, na shingo hiyo itauvunja siku ukipata uzito juu.

9. Hamishia chungu kikubwa. Kila baada ya miaka miwili, au pale chungu kinapoanza kuinama. Ongeza upana wa sentimita 4 au 5 tu. Chungu kikubwa mno kinabaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia. Mmea uliopita mita moja ni kazi ya watu wawili. Uzungushie magazeti mazito au gunia, mmoja ashike katikati, mwingine avute chungu. Kisha usimwagilie siku 7.

Kama unataka kuupanda ardhini, sehemu nyingi za mji wetu mwamba wa matumbawe uko karibu na maji hutuama juu yake. Inua kichuguu cha mawe na mchanga, kimo cha sentimita 30 hivi, uupande juu yake, umbali wa mita moja na nusu kutoka ukutani na mbali na njia ya kupita watu.

Maji ya mwaka mzima

Sasa kile kijiti cha mishikaki. Kichomeke udongoni mpaka chini, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania au kina ubaridi, usimwagilie. Kikitoka kikavu kama ulivyokinunua, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha acha. Nakiamini kijiti kuliko kalenda yoyote.

Ila kwa sababu watu wananidai siku, hizi ndizo zangu kwa chungu kilicho juani. Kaskazi, Januari na Februari, kila siku 7 hadi 10. Masika, Machi mwishoni mpaka Juni mwanzoni, sifuri: unausogeza upenuni mvua isiupige, na hata ukikaa wiki tano bila maji usione huruma. Kusi, Juni hadi Agosti, kila wiki 2 au 3. Vuli ikinyesha, acha mvua ifanye kazi. Isiponyesha, fuata kijiti.

Kisahani chini ya chungu kitoe. Kinatuamisha maji, na maji hayo ni kitalu cha mbu wa dengi mlangoni kwako.

Maji ya kisima cha chumvi yanatumika kwa shida tu. Ukiona utando mweupe kwenye kingo za chungu, kinga maji ya mvua, umwagie kwa wingi mara moja ili yasuuze chumvi, tena kipindi cha jua ili pakauke upesi.

Mbolea ni kidogo sana: NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, mara mbili au tatu kwa mwaka, miezi ya joto, na udongo ukiwa umelowa kwanza. Ukizidisha, mmea unakua mlaini na kuanguka.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Chini pamekuwa kahawia.* Bonyeza kwa kijiti, si kwa kidole. Pakiwa pagumu, ni gome la uzee, halina shida. Pakiwa palaini au panatoa harufu, ni kuoza, na hakuna dawa ya kupuliza itakayoponya. Ng'oa leo hii. Kata kipande kwa kipande kuelekea juu, ukifuta kisu kwa spiriti kila mkato, mpaka ufike nyama safi isiyo na doa hata moja la kahawia. Kilichobaki kizuri ni pingili. Kianzishe upya kutoka hatua ya 3. Udongo ule utupe, chungu ukioshe na kukianika juani.

*Majani yamekauka na kudondoka.* Kiangazi ni kawaida. Shina ndilo linalofanya kazi ya kujitengenezea chakula. Yatarudi.

*Shina limesinyaa, mbavu zimekuwa nyembamba.* Mwagilia mara moja vizuri. Likijaa ndani ya siku nne au tano, lilikuwa kiu. Lisipojaa, na udongo bado mbichi, mizizi imekufa. Usiongeze maji, ng'oa uangalie. Hapa ndipo watu huua mmea kwa huruma: wanaona umesinyaa, wanaongeza maji, kumbe maji ndiyo yaliyoumaliza.

*Wa zambarau umegeuka kijani.* Umekosa jua. Rangi inarudi kwenye machipukizi mapya ukiuhamisha taratibu.

*Vidudu vyeupe kama pamba kwenye mikunjo.* Chovya pamba kwenye spiriti, uwafute mmoja mmoja. Wakiwa wengi, changanya kijiko kidogo cha mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, upulize jioni. Jaribu upande mmoja kwanza, ungoje siku mbili. Sabuni nyingine zinauachia madoa.

*Doa jeupe au la kahawia, kavu, upande mmoja tu.* Ni jua. Halisambai. Liache, ila ukizungushe chungu lisionekane.

*Umekuwa mrefu mno unagusa dari.* Subiri Agosti, ukate juu. Utachipua matawi mapya chini ya mkato, na wewe utabaki na pingili nzuri ya kumpa jirani. Ukimpa, mwambie habari ya maziwa kabla hujamkabidhi.

*Umeanguka na upepo ukavunjika.* Vaa glavu na miwani kwanza, ndipo uokote, kwa sababu vipande vyote vinavuja. Kila kipande kilichozidi sentimita 15 kinaweza kuota. Nyoosha mkato kwa kisu safi, chovya majini, paka mdalasini, na kama ni katikati ya masika, simamisha vipande ndani ya ndoo kavu jikoni mpaka mvua zipungue. Nimewahi kuviweka hivyo kuanzia Aprili mpaka Juni, vikasinyaa kidogo tu, na viwili kati yake ndiyo hivi virefu vinavyosimamisha wapita njia barazani kwangu.